Nafasi Yako Haimo Kwenye Asilimia ya Chuo: Hotuba kwa Vijana Wanaojiandaa Kuomba MBA

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita jijini Dar es Salaam, mbele ya vijana wanaotaka kuomba MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, katika vyuo vya nje vyenye ushindani mkubwa. Wengi walioshindwa kufika wameniomba niiweke nzima, nami naiweka kama nilivyoisema.

Wazee wangu, na wazazi mliowasindikiza vijana wenu, shikamooni. Vijana wenzangu, habari za asubuhi. Waliopanda treni ya alfajiri kutoka Morogoro na Dodoma, poleni na safari, karibuni sana.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, nina nafasi gani?" Mtu ananitumia GPA yake, yaani wastani wa alama zake za chuo, alama zake za GMAT, ule mtihani wa kuombea MBA, miaka aliyofanya kazi na jina la mwajiri. Kisha anasubiri nimjibu kwa namba. Asilimia ishirini. Asilimia arobaini. Anataka namba alale nayo.

Simlaumu. Sisi sote tumelelewa na namba. Kidato cha nne ulisubiri division. Kidato cha sita ulihesabu pointi. Ulipoomba chuo ukaangalia vigezo vya TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, na ndugu zetu wa Kenya wakaangalia pointi za KUCCPS, wanaowapangia vyuo. Ukifika kiwango, unaingia. Usipofika, huingii. Mfumo ule una haki yake, maana mtoto wa mkulima wa Sumbawanga mwenye pointi zake hahitaji kujuana na mtu. Lakini vyuo tunavyovizungumzia leo havina kiwango cha namna ile. Je, kuna alama ambayo ukiipata Harvard lazima wakuchukue? Hakuna. Kuna alama ambayo ukiikosa hawafungui faili lako? Hakuna iliyotangazwa. Kuna binadamu anayesoma faili, anasoma lako, halafu anachukua la mwingine.

Kwa hiyo leo nataka tujifunze kulisoma faili letu kwa macho ya mtu huyo. Hilo tu.

Tuanze na asilimia, maana ndiyo inayowatisha watu. Harvard Business School hupokea maombi kati ya 8,000 na 10,000 kwa mwaka, na darasa lake lina watu takribani 930. Katika kila waombaji 100, wanaokubaliwa ni 11 hadi 14 hivi, kutegemea mwaka. Stanford darasa ni dogo zaidi, watu wapatao 430, na wanaokubaliwa ni 6 hadi 9 katika kila 100. Kijana wa Tabora anasoma hayo usiku, anafunga kompyuta, anasema: watu saba katika mia, dunia nzima, mimi nitakuwa wa ngapi?

Sasa nawauliza. Hiyo saba ni ya nani? Ni ya lundo zima! Humo yumo aliyeandika insha usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Yumo aliyesahau kufuta jina la chuo kingine. Yumo ambaye hata kazi hajaanza. Na yumo mhandisi aliyejenga mtambo wa maji kwao na kuueleza vizuri. Wote wamechanganywa katika namba moja. Asilimia ya chuo inalieleza lundo. Wewe haikuelezi.

Tazameni jambo hili. Harvard haimwiti kila mwombaji kwenye usaili. Wanaoitwa ni wachache, na kati ya hao, takribani nusu au kuzidi kidogo hukubaliwa. Mtu mmoja, faili moja: kabla hajaitwa tulisema nafasi yake ni kama moja katika nane, na siku anapopokea barua pepe ya usaili nafasi yake imekuwa nusu kwa nusu. Yeye amebadilika? Hapana. Faili limebadilika? Hapana. Kilichobadilika ni kile tunachokijua kuhusu faili lake. Nani alimzuia kulijua faili lake tangu mwezi wa tano?

Na kuna hesabu nyingine ambayo inawapotosha hata wahasibu. Mtu anasema: nitaomba vyuo vitano, kila kimoja nina nafasi ya asilimia 10, kwa hiyo nafasi ya kukosa vyote ni 0.9 mara yenyewe mara tano, ni kama asilimia 59, basi nina asilimia 41 ya kupata angalau kimoja. Kwenye karatasi hesabu iko sawa. Lakini inachukulia kwamba kila chuo kinaamua kivyake kabisa, wakati vyote vinasoma CV ileile, insha za mtu yuleyule, barua za wadhamini walewale. Ukitupa baharini nyavu tano zenye tundu pale pale, samaki atatoka pale pale mara tano.

Namkumbuka kijana mmoja, mkaguzi wa hesabu, mwenye akili sana. Aliomba vyuo sita kwa mpigo. Ada ya maombi katika vyuo hivi vikubwa ni kama dola 250 kimoja, na zipo njia za kuomba kusamehewa, lakini yeye alilipa. Vyote sita vikamkataa bila hata usaili. Alipoleta faili lake tulikaa nalo jioni nzima. Alama zilikuwa safi. Kazi ilikuwa safi. Lakini katika kurasa zote zile hakuna mahali aliposema anataka kufanya nini na maisha yake, na kwa nini asome sasa, si miaka mitano ijayo. Aliandika kwamba anataka "kukuza uwezo wa uongozi." Nani hataki? Mwaka uliofuata aliomba vyuo vitatu tu. Alama zilezile. Ila safari hii alieleza anachotaka kukifanya katika biashara ya kukopesha wasafirishaji wa mizigo kati ya bandari yetu na Lubumbashi, biashara aliyokuwa ameikagua kwa miaka na kuona inakwama wapi. Viwili vikamwita.

Tundu lako liko wapi? Hilo ndilo swali. Nafasi zako zinaongezeka ukiliziba, hata kama hujaongeza chuo.

Sasa alama. Sitakaa hapa sana, maana watu hukaa hapa kupita kiasi.

GPA: usiibadilishe mwenyewe. Watu wanachukua GPA ya 3.8 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ni kati ya 5, wanaigawa na kuizidisha ili iwe kati ya 4 kama ya Wamarekani, wanapata 3.04, kisha wanalia. Kwa nini unajiumiza? 3.8 yetu ni upper second, daraja la pili la juu. Daraja la kwanza kwetu linaanzia 4.4, na wanaolipata ni wachache. Msomaji wa faili za Afrika analijua hilo, na vyuo vingi vinakuagiza uandike GPA kama ilivyo kwenye transkripti. Kama darasani mlikuwa mia na wewe ulikuwa wa tatu, tafuta pa kulisema, kwa sababu transkripti haitakusemea. Na kama hesabu za mwaka wa kwanza zilikuangusha, leta ushahidi mpya: mitihani ya uhasibu ya CPA au ACCA, kozi ya takwimu uliyoifanya juzi na kuifaulu. Msomaji anatafuta kuona kwamba darasani hutaziona namba ukazikimbia.

GMAT: tangu Novemba 2023 upo mtihani mpya, na ule wa zamani ulikoma mwanzoni mwa 2024. Wa zamani ulikuwa na alama 200 hadi 800. Mpya ni 205 hadi 805, na kila alama inaishia na 5. Una sehemu tatu, hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu, dakika 45 kila moja. Mizani imebadilika. Dada mmoja alinipigia akiwa amekata tamaa kabisa kwa sababu amepata 645, na kaka yake aliyesoma zamani alikuwa na 700. Dada yangu, 645 ya leo na 700 ya wakati ule zinakaribiana, karibu mtu mmoja kwa mwingine katika foleni ileile! Alikuwa ameshaanza kujisajili upya na kutafuta pesa ya kurudia.

Na mkisikia kwamba alama ya kati ya walioingia Harvard ni 740 ya zamani, msisome kwamba aliye na 720 amefukuzwa. Alama ya kati maana yake nusu ya darasa wako hapo au chini yake. Wamo, wamekaa darasani, wanasoma. Swali ni hili: faili la aliye chini ya alama ya kati lilikuwa na nini kingine?

Lilikuwa na kazi. Hapa ndipo nataka tukae.

Vyuo hivi vya MBA vinapokea watu waliokwisha kufanya kazi, kwa wastani kama miaka mitano. Na sisi tuna tatizo letu la kulelewa. Tumefundishwa kutojisifu. Mtu amefanya jambo zito, anakuja kuliandika kwa maneno matatu: "nilisaidia kusimamia mauzo." Tunadhani kazi inayohesabika ni ya benki ya kimataifa, au kampuni ya ushauri yenye jina Nairobi. Ya kwetu tunaiona ndogo.

Dada mmoja kutoka Kilimanjaro alikuja kwangu na CV ya namna hiyo. Alikuwa ameajiriwa katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Aliniambia, "Kaka, mimi sina kitu. Nimefanya kazi na wazee wa vijijini tu." Nikamwuliza, wazee hao unafanya nao nini? Akaanza kunisimulia. Malipo ya wakulima yalikuwa yakibebwa taslimu kwenye gari, msimu mmoja gari likavamiwa njiani. Yeye ndiye aliyependekeza wakulima walipwe kwa simu. Bodi ilikuwa ya wazee watupu, baadhi yao walimwona mtoto. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akakaa na wake wa wakulima kwanza, kwa sababu aligundua wao ndio wanaotaka kujua pesa imeingia kiasi gani na lini. Wanawake wakawashawishi waume zao, waume wakaishawishi bodi. Msimu uliofuata malipo yakaenda kwa simu.

Ndugu zangu, huyo anasema hana kitu? Vyuo hivi vinaandika wazi kwamba vinatafuta uongozi, vinatafuta mtu aliyeona tatizo na kuwabadilisha watu bila cheo cha kuwaamrisha. Vijana wengi walio kwenye ofisi zenye viyoyozi wanahangaika miaka mingi kupata hadithi kama hiyo. Yeye alikuwa nayo na aliificha chini ya maneno matatu!

Tuliandika upya. Si kwa kuongeza chumvi. Hatukuongeza hata tone. Tuliandika kilichotokea: tatizo, nani alipinga, alifanya nini, nini kilibadilika. Aliitwa kwenye usaili na vyuo viwili, akakubaliwa na kimoja, pamoja na ufadhili.

Mkirudi nyumbani, kaeni na mtu asiyejua kazi yenu, mumweleze mliyofanya. Pale atakapowakatiza na kuuliza "Eh, ikawaje?", hapo pana insha.

Sasa niseme jambo ambalo waajiri wetu hawatalipenda. Barua za wadhamini. Unamfuata bosi, unamwomba akuandikie. Bosi ana shughuli, anakwambia, "Andika mwenyewe, niletee, nitasaini." Mmesikia maneno hayo? Naona vichwa vinatikisika. Hapa kwetu ni kawaida, na bosi anadhani amekusaidia. Lakini vyuo hivi vinakataza, na mdhamini hujaza fomu mwenyewe kwenye mfumo wao. Na hata kama usingekatazwa, lingekuangusha, kwa kuwa msomaji ataona sauti moja katika insha na katika barua mbili, zikisifu mambo yaleyale kwa maneno yaleyale. Wewe huwezi kuandika kile ambacho bosi wako pekee alikiona: siku ile ulipokosea mbele ya mteja na kulikubali, namna unavyozungumza na dereva. Msimwombe mwenye cheo kikubwa asiyewajua. Mwombeni aliyewaona mkifanya kazi, hata kama ni meneja wa kawaida, mkae naye saa moja mumkumbushe mliyofanya pamoja, halafu muondoke mumwache aandike.

Basi, nani anaweza kukwambia ukweli kuhusu faili lako? Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Anayeuza huduma ya kukuandalia maombi atakwambia una nafasi nzuri, kwani anataka ulipe. Mama atakwambia una nafasi nzuri kwa kuwa anakupenda. Rafiki ambaye hakuthubutu kuomba atakwambia huna, maana wewe ukipata, yeye itambidi ajiulize maswali. Na walioingia ndio wanaosimulia mitandaoni. Wale waliokataliwa wakiwa na alama bora kuliko zao hamwasikii, na hilo peke yake linaharibu hesabu zenu zote.

Mtafuteni mtu aliyepita ndani, asiyepata chochote kutokana na jibu analowapa.

Nitawasimulia historia moja ya Marekani. Mwaka 1940, katika shamba huko Virginia, alizaliwa msichana mweusi, Lillian Lincoln. Alipokua alikwenda New York, akafanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Baadaye akaingia Howard University mjini Washington, akahitimu 1966. Howard alikuwako mwalimu, H. Naylor Fitzhugh, ambaye mwenyewe alipata MBA ya Harvard mwaka 1933, mmoja wa watu weusi wa mwanzo kabisa kuipata. Ngozi yake ilimfungia milango ya makampuni, akaishia kufundisha vijana wa Howard kwa miaka thelathini. Huyu mwalimu ndiye aliyemwambia Lillian: omba Harvard.

Fikirini mngempima kwa namna tunavyopimana sisi. Harvard ilikuwa imeanza kuwapokea wanawake katika MBA ya miaka miwili mwaka 1963 tu, wanane. Mwanamke mweusi hakuwahi kuimaliza hata mmoja. Ukiuliza asilimia, jibu ni sifuri katika historia yote ya chuo tangu 1908! Fitzhugh hakutazama sifuri. Alikuwa amekaa katika madarasa yale, anajua yanadai nini, na alikuwa amemwona binti huyu darasani kwake. Akalisoma faili lake kwa macho ya aliyepita ndani.

Lillian aliingia, akamaliza 1969, mwanamke mweusi wa kwanza kupata MBA ya Harvard. Na alipokuwa pale hakukaa kimya. Mwaka 1968, yeye na wenzake wanne walianzisha umoja wa wanafunzi weusi, wakamwendea mkuu wa shule kudai weusi zaidi wadahiliwe, na idadi ikapanda. Mwaka 1976 akaanzisha kampuni ya kusafisha majengo, Centennial One, akianzia gereji ya nyumbani, ikafikia kuajiri watu zaidi ya elfu moja kabla hajaiuza mwaka 2001.

Siwaambii kwamba kila atakayeomba atapata. Wengi waliomo humu, wakiomba Stanford, watakosa, na nawaambia hivyo nikiwatazama usoni kwa sababu nawaheshimu. Nawaambia kwamba upimaji wa Fitzhugh ulikuwa bora kuliko kikokotoo chochote, kwa kuwa alimjua mtu na alikijua chuo. Je, wewe Fitzhugh wako ni nani?

Pesa, kwa kifupi, maana wazazi wananitazama. Ada ya masomo peke yake katika vyuo vikubwa vya Marekani inazidi dola 70,000 kwa mwaka, na kozi ni miaka miwili. INSEAD, iliyoko Ufaransa na Singapore, humaliza kozi kwa miezi kumi, na hilo hupunguza gharama za maisha na mwaka wa mshahara unaoupoteza. Lakini msijitoe kwa ajili ya ada kabla ya kusoma. Harvard na Stanford hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji wa mtu, bila kuangalia alama zake, na tangu 2022 Harvard ilitangaza kwamba asilimia 10 ya wanafunzi wenye uhitaji mkubwa zaidi hawatalipa ada ya masomo. Stanford inao ufadhili wa Waafrika wachache kila mwaka, wenye sharti la kurudi kufanya kazi barani kwetu baada ya kuhitimu. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi Kigoma, katika hili hauko nyuma ya mtoto wa tajiri.

Na mliovuka miaka 35, msiombe kozi ya vijana kisha mkashangaa. Stanford inayo kozi ya mwaka mmoja kwa wenye uzoefu wa miaka minane au zaidi, na MIT inayo ya wenye kumi au zaidi. Huko uzoefu wako ni mali. Kwingine utaulizwa kwa nini umechelewa.

Dirisha la kwanza la Harvard hufungwa mwanzoni mwa Septemba, la pili mwanzoni mwa Januari, na vingi vya vyuo vingine vinafuata karibu na hapo. Anayetaka dirisha la Septemba awe amemaliza mtihani ifikapo Juni, na awe amezungumza na wadhamini wake kabla ya Julai. Ambaye bado anatafuta cha kusema kuhusu kazi yake, asubiri Januari, au mwakani.

Waliokuja na CV zao, kuna meza tatu upande wa kushoto, na kwenye kila meza yupo mtu aliyesoma katika mojawapo ya vyuo hivi. Watasoma mbele yenu na kuwaambia wanachokiona. Tuanze na waliotoka mbali, ili wawahi treni ya jioni. Asanteni sana.